Kukimbia Penye Moshi: Faida Inaishia Wapi?

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Klabu za jogging za Dar es Salaam hazikuwa zimesubiri tangazo. Temeke, Ilala na Kinondoni zilishazoea kuona makundi ya watu wenye fulana za rangi moja wakishika barabara alfajiri, nyimbo juu. Sababu zao zinaeleweka: kisukari, shinikizo la damu na unene vimeingia karibu kila ukoo, na tiba ya bei nafuu kuliko zote ni miguu.

Upande wa pili, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo milioni 4.2 vya kabla ya wakati mwaka 2019, vingi vikitokana na magonjwa ya moyo, kiharusi na magonjwa ya mapafu. Shirika hilohilo linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwananchi wa mjini anapokea taarifa zote mbili na kubaki njia panda. Kwenye makundi ya WhatsApp mmoja anaandika kwamba kukimbia kando ya Barabara ya Morogoro au Thika Road ni sawa na kuvuta sigara. Mwingine anajibu kwamba huo ni uvivu tu uliovalishwa sayansi. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja ameiongezea chumvi.

Mwili unapoongeza pumzi

Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa mwendo wa wastani hufika lita 40 hadi 60, na mwanariadha anayekaza huvuka 100. Hilo peke yake linatosha kuongeza dozi ya moshi mara kadhaa, lakini kuna jambo la pili ambalo husahauliwa. Pua ni chujio. Pumzi inapopita takriban lita 35 kwa dakika, watu wengi huanza kupumulia mdomo, na chujio hilo linapitwa pembeni. Anayekimbia huku akiimba hana hata hiari ya kubaki puani.

Kinachopita hapo kina majina mengi, ila mhusika mkuu ni chembe laini zinazoitwa PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Unywele wa binadamu una kama maikromita 70. Chembe hizo hutoka kwenye injini za dizeli, majiko ya mkaa, taka zinazochomwa na viwanda. Vumbi la kawaida la barabara mara nyingi ni kubwa zaidi na hunaswa puani au kooni. Hizi laini hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba idadi ya chembe ndogo kabisa zinazobaki kwenye mapafu wakati wa mazoezi ni zaidi ya mara nne ya zile zinazobaki mtu akiwa ametulia. Si kwamba zinaingia nyingi tu. Mvutano wenyewe wa pumzi huzifanya zing'ang'anie zaidi.

Kwenye mapafu, matokeo ya haraka ni mwasho. Njia za hewa hubana, makohozi huongezeka, kifua huwa kizito. Gesi za ozoni na naitrojeni dioksidi hufanya kazi hiyohiyo, na mwenye pumu huhisi kabla ya wengine. Kwa moyo, madhara hupita njia tatu. Mwasho wa mapafu humwaga kemikali kwenye damu na kuufanya utando wa ndani wa mishipa upoteze ulaini wake. Mishipa ya fahamu inayosimamia mapigo ya moyo huvurugwa. Na baadhi ya chembe huvuka zenyewe hadi kwenye damu: mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh walichapisha majaribio ambamo watu wenye afya walivutishwa chembe ndogo mno za dhahabu huku wakifanya mazoezi kwa vipindi, dhahabu ilionekana kwenye damu ndani ya saa 24, na miezi mitatu baadaye ilikuwa bado ipo. Ongeza hapo gesi ya kaboni monoksidi ya magari, ambayo huishika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, na utaelewa kwa nini mtu anayekimbia nyuma ya foleni huchoka mapema kuliko anavyostahili.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa sababu ndiyo inayofichua ugomvi ulipo. Tuchukue mtu anayeishi mahali penye wastani wa mikrogramu 30 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa siku nzima atavuta kama mita za ujazo 12, yaani mikrogramu 360. Sasa akimbie saa moja, lita 60 kwa dakika, wakati hewa ina mikrogramu 60: ataongeza takriban 216, zaidi ya nusu ya mzigo wa siku nzima. Akikimbia saa hiyohiyo moja mahali au wakati hewa ina mikrogramu 20, ataongeza 72. Ukitazama tarakimu ya kwanza utasema mazoezi ni hatari. Ukitazama kwamba hata asiyetoka kitandani anavuta 360, utasema kukaa ndani hakumwokoi. Ukilinganisha 216 na 72 utagundua kwamba swali la kukimbia au kutokimbia halina uzito sawa na swali la lini na wapi.

Hoja ya kwanza: kimbia tu

Wanaosema mazoezi hushinda moshi hawasemi kwa ubishi. Nchini Denmark watafiti waliwafuatilia watu 52,061 wa Copenhagen na Aarhus waliokuwa na umri wa miaka 50 hadi 65 walipoanza. Waliokuwa wakipanda baiskeli, kucheza michezo na kulima bustani walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, na faida hiyo haikupungua kwa wale walioishi penye naitrojeni dioksidi nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Nchini Taiwan, uchambuzi wa watu wazima 384,130 uliochapishwa mwaka 2021 ulifika pale pale: mazoezi ya kawaida yaliendana na vifo vichache hata kwenye maeneo yenye uchafuzi mkubwa.

Lakini hesabu inayonukuliwa zaidi ni ya mtafiti Marko Tainio na wenzake ya mwaka 2016. Waliuliza hivi: baiskeli na kutembea vinaleta faida, moshi unaleta hasara, mistari hiyo miwili inakutana wapi? Kwa mji wenye wastani wa mikrogramu 22, jibu ni kwamba haikutani kwa muda wowote ambao mtu wa kawaida angeweza kuutumia barabarani. Kwa mji wenye mikrogramu 100, hasara inaishinda faida baada ya saa moja na nusu ya baiskeli kila siku, au zaidi ya saa 10 za kutembea. Miji michache sana duniani ina wastani wa mwaka unaofika hapo. Hata Kinshasa, ambayo ripoti ya ubora wa hewa ya IQAir ya mwaka 2024 iliipa wastani wa mikrogramu 58.2, mara 11 na zaidi ya kiwango cha 5 kinachopendekezwa na WHO, kwa hesabu hii bado inamruhusu mtu nusu saa yake.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inahesabu vifo halisi, watu wengi, miaka mingi. Inamjibu vizuri anayetafuta kisingizio. Kutofanya mazoezi nako kunaua, na kunaua kimyakimya, bila moshi wa kuonekana.

Udhaifu wake uko kwenye neno wastani. Hewa ya Copenhagen, hata ile inayoitwa chafu, ni safi ukiilinganisha na ya Kampala au Kinshasa. Uchafuzi ulikadiriwa kwa anwani ya nyumbani, si kwa kituo cha mabasi ambako mtu alipita akihema. Anayependa mazoezi huwa pia havuti sigara, anakula vizuri, ana kipato. Watafiti hujaribu kuyaondoa hayo kwenye hesabu lakini hayaishi yote. Na hesabu ya Tainio inazungumzia vifo vya watu wazima kwa muda mrefu. Haimwambii mama kama mtoto wake mwenye pumu atabanwa leo jioni.

Hoja ya pili: moshi unakula faida

Hapa ushahidi ni wa karibu zaidi, karibu kiasi cha kuusikia. Oxford Street ya London ni barabara ya maduka ambayo kwa miaka mingi ilipitisha mabasi na teksi za dizeli karibu peke yake. Hyde Park, bustani kubwa yenye miti, iko mwisho wake. Watafiti waliitumia bahati hiyo. Mwaka 2007 walitoa matokeo ya watu 60 wenye pumu waliotembea saa mbili kila mahali kwa siku tofauti: kwenye barabara, nguvu ya kutoa pumzi ilishuka hadi asilimia 6.1. Mwaka 2018 walirudi na watu 119 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, baadhi wazima, baadhi wagonjwa wa mapafu, baadhi wagonjwa wa moyo. Matembezi ya Hyde Park yaliboresha mapafu na kulainisha mishipa, na kwa wengi faida ilidumu hadi siku ya pili. Matembezi yaleyale, saa zilezile mbili, kwenye Oxford Street, yalitoa faida ndogo mno au hayakutoa kabisa. Miguu ilifanya kazi ileile, mwili haukulipwa.

Kwa moyo kuna jaribio la kuogopesha zaidi. Wanaume 20 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na kupona waliwekwa kwenye chumba maalumu, wakipumzika na kuendesha baiskeli ya mazoezi kwa zamu, siku moja na hewa safi, siku nyingine na moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa kufikia mikrogramu 300. Penye moshi, alama za moyo kukosa damu ya kutosha wakati wa mazoezi ziliongezeka, na uwezo wa mwili kuyeyusha damu iliyoganda ulipungua saa kadhaa baadaye. Hao hawakuhisi chochote cha pekee. Mashine ndiyo iliyosema.

Korea Kusini ikaongeza utata. Uchambuzi wa vijana wapatao milioni 1.47 wenye umri wa miaka 20 hadi 39, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba penye hewa nafuu, kuongeza mazoezi kulipunguza magonjwa ya moyo na mishipa, penye PM2.5 nyingi, walioongeza mazoezi mazito walionekana kuongeza hatari badala ya kuipunguza. Huko nyuma, mwaka 2002, utafiti wa watoto 3,535 wa kusini mwa California ulionyesha kwamba kwenye miji yenye ozoni nyingi, watoto waliocheza michezo mitatu au zaidi walipata pumu mara 3.3 ya wasiocheza. Kwenye miji yenye ozoni kidogo, michezo haikuwa na tatizo hilo.

Kasoro za upande huu nazo zionekane. Mikrogramu 300 kwa saa nzima si hewa ya kila mkimbiaji, ingawa anayekaa nyuma ya lori lililopakia kokoto kwenye mlima ataikaribia kwa dakika chache. Majaribio ya London yalipima mabadiliko ya saa na siku, si vifo. Watoto waliocheza michezo mingi kule California walikuwa asilimia ndogo ya wote. Na matokeo ya Korea ni ya kufuatilia takwimu, hivyo hayathibitishi kwamba mbio ndizo zilizoleta ugonjwa.

Ule usemi wa sigara nao uwekwe mahali pake. Umetokana na makadirio ya taasisi ya Berkeley Earth ya mwaka 2015, kwamba kuishi siku nzima kwenye mikrogramu 22 kunakaribiana kwa hatari na sigara moja. Yalikuwa makadirio ya hatari ya muda mrefu kwa jamii nzima, anayekimbia na asiyekimbia. Kuyageuza kuwa sigara moja kwa kila kilomita ni uzushi.

Kwa nini tafiti zinagongana

Kwa maoni yangu hazigongani kama inavyotangazwa. Zinajibu maswali mawili tofauti. Denmark na Taiwan zinauliza: baada ya miaka mingi, aliyefanya mazoezi alifaidika? Jibu ni ndiyo. London na jaribio la dizeli zinauliza: saa hii, mahali hapa, kwa mwili huu, moshi unafanya nini? Jibu ni kwamba unapunguza malipo, na kwa mgonjwa unaweza kugeuza malipo kuwa deni. Mtu anaweza kupata faida kubwa kwa miaka 20 huku akipoteza sehemu yake kila asubuhi bila kujua. Ni hiyo sehemu iliyopotea ambayo inafaa kupiganiwa.

Korea haiingii kirahisi kwenye maelezo haya, na siipuuzi. Inaashiria kwamba kuna mpaka wa ukali wa mazoezi penye hewa chafu, na kwamba vijana hawana kinga wanayodhani wanayo. Ningeichukua kama onyo kwa anayejiandaa kwa marathoni katikati ya mji, si kwa anayetembea haraka nusu saa.

Alfajiri inayosingiziwa usafi

Ushauri unaosikika zaidi kwetu ni huu: amka mapema, kimbia kabla magari hayajaanza, hewa bado ni safi. Una mantiki ya macho. Kwenye vipimo mara nyingi unashindwa.

Usiku ardhi hupoa haraka kuliko hewa ya juu yake. Kwenye miji ya bara kama Nairobi, Kampala na Kigali, hewa baridi hulala chini na hewa ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa majiko ya jioni, wa taka zilizochomwa usiku na wa malori ya usiku wa manane hauna pa kwenda. Magari ya kwanza ya saa kumi na mbili yanamwaga wa kwao humo humo. Ndiyo maana vipimo vya miji hiyo huonyesha vilima viwili kwa siku, cha asubuhi na cha jioni hadi usiku, na bonde la alasiri, jua linapokuwa limepasha ardhi na upepo umechanganya hewa. Msimu nao una neno lake: miezi ya kiangazi ya Juni hadi Agosti huwa mibaya zaidi, mvua ikinyesha hewa husafishika.

Pwani hesabu hubadilika kidogo. Mchana upepo hutoka baharini na kusukuma moshi bara. Usiku hadi alfajiri hugeuka na kutoka nchi kavu. Mtu anayekimbia Coco Beach au juu ya Daraja la Tanzanite saa kumi jioni hupata hewa iliyotoka baharini moja kwa moja. Saa kumi na moja alfajiri, penye uzuri uleule wa maji, anaweza kuwa anavuta pumzi iliyopita mji mzima kwanza.

Alasiri nayo haiji bure. Kuna jua, na kwa mwenye shinikizo la damu joto la Dar es Salaam si mchezo. Ozoni hutengenezwa na jua na hupanda mchana. Na wengi wako kazini. Anayeweza kupata saa alfajiri pekee asiache mazoezi kwa sababu hiyo. Aangalie njia badala ya saa, kwa maana umbali ndio wenye nguvu kuliko vyote. Vipimo vya kando ya barabara kuu ya Los Angeles vya mwaka 2002 vilionyesha chembe ndogo kabisa zikishuka kwa kasi ndani ya mita 100 za kwanza, na kufikia kiwango cha kawaida cha mji karibu mita 300. Kuhama kutoka Barabara ya Sam Nujoma kuingia mitaa ya ndani ya Sinza, au kutoka Limuru Road kuingia msitu wa Karura, kunaweza kukata zaidi ya kile ambacho kifaa chochote cha kununua kitakata.

Tahadhari moja hapa. Tafiti za Ulaya na Marekani hudhani kwamba adui ni gari. Kwetu mtaa wa ndani una mkono wake: majani na plastiki vinavyochomwa uani baada ya kufagia, na majiko ya mkaa yanayowashwa barazani saa kumi na mbili jioni. Mtaa tulivu saa mbaya unaweza kuwa na moshi kuliko lami.

Barakoa, jimu na njia za mkato

Barakoa ya kitambaa haizuii chembe laini kwa kiasi cha maana. Zile za N95 au FFP2 huzuia, zikibana uso vizuri. Beijing, wagonjwa 98 wa mishipa ya moyo walitembea saa mbili katikati ya mji, siku moja na barakoa ya kuchuja na siku nyingine bila. Wakiwa nayo, shinikizo la damu na dalili za moyo kuelemewa vilikuwa chini. Lakini walikuwa wakitembea. Kwa anayekimbia kwa kasi, barakoa hulowa jasho, pumzi hukaza, na wengi huishia kuishusha kidevuni. Inamfaa mpita njia kuliko mkimbiaji.

Jimu ina sifa isiyo yake. Nyingi ziko ghorofani juu ya barabara, madirisha wazi, mashine za kukimbilia zimepangwa zikitazama foleni. Chembe laini huingia kama hewa inavyoingia. Pasipo kichujio, jimu ya aina hiyo humkinga mtu na mvua na magari, si na moshi. Nyumbani kwenye jiko la mkaa ni vivyo hivyo.

Wasiochagua

Mjadala huu wote umezungumzwa kama vile kuhema barabarani ni burudani. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo, askari wa usalama barabarani, mfagiaji wa halmashauri, dereva wa bodaboda, na maelfu wanaotembea kwa miguu kwenda viwandani Nairobi hufanya kazi ya mwili saa nane au kumi penye ekzosi. Hesabu ya Tainio ya baiskeli kwa saa moja na nusu haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayebeba mizigo siku nzima. Kwao ushauri wa kubadili saa hauna maana, na yeyote anayeufanya mjadala huu kuwa wa nidhamu ya mtu binafsi anawaacha nje.

Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 ni mfano unaofaa kwa sababu ulitugusa. Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni na mwenye pumu, alijitoa kwenye marathoni ya michezo hiyo miezi mitano kabla akihofia hewa, akabaki na mita 10,000. China ilifunga viwanda na kuondoa nusu ya magari barabarani kwa zamu za namba. Mkenya Samuel Wanjiru akashinda marathoni kwa rekodi ya Olimpiki, 2:06:32. Kilichopata sauti ndogo ni vipimo vya vijana 125 wenye afya wa jiji hilo: katika wiki za hewa safi, alama za damu kuganda zilishuka, michezo ilipokwisha na moshi kurudi, zikapanda tena. Miili ya vijana waliojiona wazima ilikuwa ikilipa bila risiti.

Afrika Mashariki haijakaa bure. Jumuiya ilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015. Uganda ilizuia mwaka 2018 kuingiza magari yenye zaidi ya miaka 15. Chuo Kikuu cha Makerere kupitia mradi wake wa AirQo kimesambaza vipimo vya bei nafuu ambavyo mtu anaweza kuvisoma kwenye simu. Lakini mafuta safi ndani ya injini chakavu bado hutoa moshi, na kanuni za ubora wa hewa, zilizotungwa Tanzania mwaka 2007 na Kenya mwaka 2014, hazijalizuia daladala linalong'oka kituoni na kuacha wingu jeusi usawa wa uso wa mkimbiaji.

Mizani

Kwa mtu mzima mwenye afya, hukumu yangu ni wazi: fanya mazoezi. Kuacha kwa kuogopa hewa ni kubadilisha hatari ndogo kwa kubwa. Asomapo kipimo kwenye simu, chini ya mikrogramu 35 hana sababu ya kusita. Kati ya 35 na 55 wenye pumu, wenye maradhi ya moyo, wazee, wajawazito na watoto wapunguze. Zaidi ya 55 kila mtu apunguze kasi na muda. Zaidi ya 125 mbio za nje zisubiri. Asiye na kipimo atumie pua: moshi unaonukia kwenye pumzi ya kwanza mlangoni unatosha kumfanya ageuze njia au atembee badala ya kukimbia.

Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, au mwenye pumu isiyotulia, asikimbie kando ya barabara kuu, saa yoyote. Anaweza kutembea uwanjani au bustanini baada ya kuongea na daktari wake. Kifua kikibana, mkono wa kushoto ukiuma au pumzi ikikataa kurudi, hiyo si ya kuvumilia kiume. Ni ya hospitali. Watoto huvuta hewa nyingi kuliko wakubwa kwa kila kilo ya uzito, na mapafu yao bado yanakua, kwa hiyo mchakamchaka wa shule iliyo kando ya barabara uhamishiwe upande wa nyuma wa uwanja, mbali na shimo la taka.

Viongozi wa klabu za jogging wana uwezo mkubwa kuliko wanavyojua: wao ndio wanaochagua njia. Halmashauri zina mkubwa zaidi. Kigali ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili ili watu wakimbie, baadaye ikafanya hivyo mara mbili kila mwezi, na mji haujasimama. Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala hazihitaji utafiti mwingine kujaribu hilo. Zianze na barabara moja.